Ushahidi wa Kifo: Kutoka Vinywa vya Wazee hadi Karatasi za Mirathi katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Kifo ni jambo la maumbile, bali kuthibitisha kwamba fulani amekufa, na kwamba fulani ndiye mrithi wake, ni jambo la jamii. Hakuna jamii isiyo na njia yake ya kushuhudia kifo na ya kuukabidhi urithi kwa walio hai. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi njia hiyo ilivyobadilika katika nchi ya Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kama vile Karatina, Murang'a, Kerugoya, Embu na Meru, tangu zama ambapo ushahidi ulikuwa katika vinywa vya wazee hadi zama hizi ambapo ushahidi ni karatasi.

Mtu aliyefiwa leo hukutana na karatasi nyingi: kibali cha mazishi, cheti cha kifo, barua ya chifu, hati za kiapo, hati ya usimamizi wa mirathi, na mwishowe hatimiliki ya shamba. Wengi huziona kuwa ni usumbufu wa ofisi tu. Hoja yetu ni kwamba kila mojawapo ya karatasi hizi imeshika mahali pa shahidi fulani wa kale, na kwamba ugumu wake hauwezi kueleweka bila ya kujua ni shahidi yupi aliyeondolewa, na aliondolewa lini. Jambo hili si la kupendeza wanahistoria peke yao. Familia isiyolielewa hupoteza ardhi, na aghalabu anayetangulia kuipoteza ni mjane.

Ushahidi wa kinywa

Miongoni mwa Wagikuyu wa zamani ardhi ilikuwa chini ya ukoo mdogo uitwao mbarĩ, nayo ardhi ya ukoo huo ikiitwa gĩthaka. Mipaka ilijulikana kwa mito, kwa miti, na kwa yungiyungi liitwalo itoka, ambalo lilipandwa mbele ya mashahidi. Baba alipofariki, mali haikugawanywa kwa kichwa bali kwa nyumba: kila mke alikuwa na mashamba yake aliyoyalima, nayo yaliwaendea wanawe wa kiume. Mmoja, kwa kawaida mwana wa kwanza, aliwekwa kuwa mũramati. Huyu hakuwa mwenye mali. Alikuwa mwangalizi aliyeitunza ardhi kwa niaba ya ndugu zake, na hakuweza kuitoa bila ya ridhaa yao.

Kifo chenyewe hakikuhitaji kuandikwa, kwa sababu hakikuweza kufichwa. Maiti za watu wa kawaida hazikuzikwa, bali ziliwekwa porini. Waliozikwa walikuwa hasa wazee wenye hadhi na mali, na kazi ya kuwazika ilikuwa ya wana wao. Mazishi yenyewe basi yalikuwa ushahidi, kwa maana aliyemzika mzee alionekana na wote kuwa ni mwanawe. Neno la mwisho la mzee lilikuwa na nguvu pia. Mzee aliweza kuacha kĩrumi, yaani laana ya mtu anayekata roho, akikataza kwa mfano shamba fulani lisiuzwe kamwe. Kĩrumi hakikuwa na sahihi wala muhuri, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kukivunja hivi hivi. Ugomvi ulipozuka, ulipelekwa mbele ya kĩama, baraza la wazee, ambao waliwakumbuka waliokufa na waliozaliwa.

Tusiipambe mno hali hiyo. Binti hakurithi ardhi, na mjane alikuwa na haki ya kulima, si haki ya kumiliki. Hata hivyo mjane huyo alikuwa na kinga moja: maadamu mashahidi wako hai, hapakuwa na mtu wa kusema kwamba hamjui.

Karatasi za kwanza

Kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa Nyeri mwaka 1902, Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Usajili wa vizazi na vifo katika nchi ulianza mwaka 1904, lakini haukuwa lazima kwa Waafrika. Sheria kamili zaidi ilitungwa mwaka 1928, na hata hiyo ilipanuliwa hatua kwa hatua, mpaka mwaka 1971 ndipo usajili ulipokuwa wajibu wa kila mtu nchini kote. Kwa hiyo kwa muda wa zaidi ya nusu karne, watu waliokaa bega kwa bega katika wilaya moja walikufa vifo vya namna mbili: kifo chenye cheti na kifo kisicho na cheti. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake mjini humo lajulikana na dunia nzima. Wakulima wengi waliofariki mwaka huo huo katika vilima vya Tetu na Mathira hawakuandikwa popote, isipokuwa pengine katika daftari la misheni.

Karatasi ya kwanza iliyomfuata Mwafrika kila mahali haikuwa ya kifo bali ya kazi. Hiyo ni kipande, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume aliyetimiza miaka kumi na sita alilazimika kukichukua, nacho kilitiwa katika kikasha cha chuma na kuvikwa shingoni. Serikali ilitaka kumjua Mwafrika akiwa hai na mwenye nguvu. Kufa kwake hakukuhitaji hati.

Madhara ya jambo hilo yalidhihirika katika vita hivyo hivyo. Maelfu ya vijana kutoka nchi za Mlima Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, hasa katika mwaka 1917, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki hawakurudi. Mishahara ya wengi wao ilibaki katika hesabu za serikali bila kulipwa, kwa sababu majina yaliyoandikwa katika orodha za jeshi hayakuweza kuoanishwa na watu waliojulikana vijijini. Hapa ndipo, kwa mara ya kwanza katika historia ya sehemu hizi, familia zilipoambiwa kwamba kufa kwa mwana wao, ambako kulijulikana na kijiji kizima, hakutoshi. Fedha hizo zilizuiwa, na mwishowe hazikuwafikia warithi.

Hali ya Hatari na daftari la ardhi

Badiliko kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 1950. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa Swynnerton, uliokusudia kukusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, kumpa kila mwenye ardhi shamba moja lililopimwa, na kumwandikia hati. Mwaka huo huo watu wa Nyeri, Fort Hall (ndiyo Murang'a ya sasa) na Kiambu waliondolewa katika makazi yao na kutiwa katika vijiji vya lazima. Yaani ardhi iliandikwa wakati ambapo wenye kuijua hawakukaa juu yake. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Kamati za wazee zilitoa ushahidi, lakini wazee wengine waliostahili kushuhudia hawakuwapo, na wengine hawakuweza kusema waziwazi.

Katika daftari hilo jina lililoandikwa mara nyingi lilikuwa moja tu, nalo la mwanamume. Palipokuwa na ndugu watano chini ya mũramati, daftari lilimwandika mũramati peke yake. Palipokuwa na mjane, aliandikwa shemeji au mwana. Baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimpa mwenye jina umiliki kamili, na usajili wa kwanza haukuweza kutanguliwa mahakamani hata kama ulipatikana kwa hila. Neno mũramati halikuwa na mahali pake katika fomu. Mwangalizi aligeuzwa kuwa mwenyewe kwa sababu ya upungufu wa msamiati wa daftari.

Mahakama zilichukua muda mrefu kuurekebisha upungufu huo. Katika kesi ya Muguthu dhidi ya Muguthu, iliyoamuliwa mwaka 1971, Mahakama Kuu ilikubali kwamba ndugu mkubwa aliyeandikwa kwa mujibu wa mila ya Wagikuyu aliishika ardhi kwa amana. Mahakama nyingine ziliamua kinyume. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata shauri kwamba amana ya kimila huifunga hatimiliki hata kama haikuandikwa katika daftari, na hata kama mdai hakai juu ya shamba lenyewe. Hivyo, baada ya zaidi ya nusu karne tangu daftari kufunguliwa, kinywa cha shahidi kilirudishiwa sehemu ya heshima yake.

Miaka hiyo ya vita iliacha tatizo lingine, nalo ni la vifo vyenyewe. Mfano ujulikanao zaidi ni wa Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956, akahukumiwa kifo katika mji wa Nyeri mwezi uliofuata, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kifo chake kina faili: kuna mashtaka, kuna ushahidi, kuna hukumu. Lakini mwili haukukabidhiwa kwa jamaa, na kaburi lake halijatambuliwa rasmi. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliyefariki mwezi wa Mei 2023, aliishi miaka 66 akidai apewe mabaki ya mumewe amzike. Wenzake wengi waliouawa msituni walikuwa na hali iliyo kinyume cha hiyo: wenzao waliowaona wakianguka waliweza kusema walipolala, lakini hapana ofisi iliyoandika. Huyo ana karatasi bila kaburi, na hao wana kaburi bila karatasi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya husema kwamba mtu asiyesikika kwa muda wa miaka saba na wale ambao kwa desturi wangesikia habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa. Kwa jamaa za waliopotea njia hiyo ipo, lakini nayo hupitia mahakamani, na hutaka hati za kiapo.

Sheria ya Urithi na mfuatano wa hati

Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ilikusudia kuziweka jamii zote za Kenya chini ya kanuni moja, ingawa Waislamu walikuja kuachiwa sheria yao, na ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, zikiwamo Isiolo na Samburu zinazopakana na nchi za Mlima Kenya, ziliachwa chini ya mila. Kwa Nyeri, Embu na Meru sheria hii ndiyo inayotawala. Yafaa tueleze mfuatano wa hati zake, kwa kuwa makosa mengi hutokana na kuchanganya hati moja na nyingine.

Kwanza, kifo hutolewa taarifa. Mtu akifia hospitalini, taarifa hujazwa huko huko. Akifia nyumbani, huandikwa na naibu wa chifu. Kutokana na taarifa hiyo hupatikana kibali cha mazishi. Kibali si cheti. Kibali humruhusu mtu kuzika tu. Cheti cha kifo hutolewa na msajili wa vizazi na vifo, nacho ndicho kinachotakiwa na benki, na chama cha ushirika, na mahakama. Familia nyingi huzika, zikahifadhi kibali, na baada ya miaka kumi hugundua kwamba hazina cheti.

Pili, chifu huandika barua inayowataja walioachwa na marehemu: wajane, wana na mabinti, walioolewa na wasioolewa. Barua hii ni fupi, lakini ndiyo mahali ambapo kĩama cha kale kinaonekana bado ndani ya karatasi. Chifu hushuhudia kama wazee walivyoshuhudia. Mtu akiachwa nje ya barua hiyo, itambidi ajitetee mwenyewe mahakamani.

Tatu, ombi la usimamizi hupelekwa mahakamani pamoja na hati za kiapo, wadhamini, na ridhaa ya wale wenye haki sawa na mwombaji. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Lakini ni mkulima gani wa Othaya au wa Kerugoya asomaye gazeti hilo? Tangazo la kale lilikuwa mazishi yenyewe, na hakuna aliyelikosa.

Nne, hati ya usimamizi hutolewa. Hapa ndipo kosa kubwa kupita yote hutendeka. Hati hii ya kwanza humpa msimamizi kazi ya kukusanya na kulinda mali na kulipa madeni. Haimpi ruhusa ya kugawa, wala ya kuuza shamba. Kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya hati hiyo kuthibitishwa, na katika uthibitisho ndipo fungu la kila mrithi huandikwa. Kabla ya hapo, kuigawa mali ni kosa, na mtu asiye na mamlaka anayeingilia mali ya marehemu aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Tukirejea katika mila, tunaona kwamba msimamizi huyu si mwingine ila ni mũramati, aliyerudi kwa jina lingine. Naye, kama mũramati wa daftari la 1959, aweza kujisahau akajiona mwenyewe.

Sheria ilibadili pia hesabu ya mafungu. Palipo na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, lakini kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai huhesabiwa kuwa mmoja zaidi. Binti yumo katika hesabu hiyo sawa na kaka yake. Katiba ya mwaka 2010 iliitia nguvu kanuni hii kwa kukataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Ama neno la mwisho la marehemu, sheria haikulikataa, bali ililipunguzia umri: wasia wa mdomo ni halali ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afe katika muda wa miezi mitatu. Kĩrumi kilichodumu vizazi kimepewa uhai wa miezi mitatu.

Tatizo la majina na lugha

Wagikuyu humwita mtoto kwa jina la babu au bibi yake, kwa utaratibu usiobadilika: mwana wa kwanza kwa baba wa mume, wa pili kwa baba wa mke, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa hiyo jina ni mnyororo. Katika ukoo mmoja huweza kupatikana wanaume sita wenye jina moja, na kila mmoja alitambuliwa kwa kutajiwa baba yake. Karatasi haikuujua mnyororo huu. Karani mmoja aliandika jina la ubatizo, mwingine la baba, mwingine la utani. Tena sauti za Kigikuyu ziliandikwa kwa masikio ya wageni: ch au c, i au ĩ, u au ũ. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na jina moja katika kipande, lingine katika daftari la ardhi, na la tatu katika cheti cha kifo, na wanawe wakalazimika kuapa kwamba marehemu hao watatu ni baba yao mmoja.

Tukitazama lugha ya karatasi zenyewe, tunaona historia ile ile. Kigikuyu kilipata kwa Kiswahili maneno karatathi (karatasi), marũa (barua) na thirikari (serikali). Mambo hayo matatu yaliingia bara pamoja. Kiswahili chenyewe kilikwisha kuwa na msamiati mpana wa urithi, uliotokana na sheria ya Kiislamu ya pwani: mirathi, wasia, mrithi, marehemu. Lakini maneno yalipopanda mlimani yaliiacha sheria yake pwani. Kwa mfano, wasia katika sheria ya Kiislamu hauzidi theluthi moja ya mali, na kwa kawaida haumhusu mrithi. Katika Sheria ya Urithi ya Kenya, wasia waweza kuihusu mali yote, maadamu wategemezi hawakuachwa bila riziki. Mfasiri wa mahakama anapotamka "wasia" huko Karatina, hutamka neno la sheria moja kwa maana ya sheria nyingine.

Juu ya hayo yote, fomu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Mjane husimulia kwa Kigikuyu au Kimeru, karani humwuliza kwa Kiswahili, na kilichoandikwa huwa Kiingereza, kisha yeye hutia kidole gumba. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Palipo na lugha rasmi, pana haki ya kuelewa kile unachokiapia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba karatasi za kifo katika nchi za Mlima Kenya hazikuzuka kwa mara moja. Kibali kilishika mahali pa mazishi yaliyoonekana na wote, barua ya chifu mahali pa kĩama, hati ya usimamizi mahali pa mũramati, na hatimiliki mahali pa itoka. Kila badiliko lilileta faida yake. Binti aliyekuwa hahesabiwi sasa huhesabiwa, na mzee mwongo hawezi tena kuzima haki kwa kinywa chake pekee. Lakini kila badiliko lilidai pia kwamba watu wajue kusoma alama mpya, na ujuzi huo haukugawiwa sawa.

Mzigo mkubwa umebaki kwa kizazi cha tatu. Mashamba si machache ambayo hadi leo yako katika jina la babu aliyeandikwa mwaka 1959, aliyefariki kabla usajili wa vifo haujawa lazima, na ambaye wanawe nao wamekwisha kufa bila ya kufungua mirathi. Wajukuu wanaotaka kugawana hapana budi waanze na kifo cha babu, na kwa kifo hicho shahidi aliyebaki pengine ni bibi mmoja mwenye umri wa miaka tisini. Yeye hana cheti, lakini anakumbuka siku, anakumbuka nani alichimba kaburi, na anakumbuka itoka lilipandwa wapi. Kazi ya kwanza ya jamaa, na ya wanafunzi wa lugha na historia wanaoweza kuwasaidia, ni kuuandika ushahidi huo mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha, kwa lugha anayoielewa bibi huyo, wakati angali hai wa kuusema.